Ebenezeri Aenda Kuona Mbega

Ebenezeri alikuwa amekaa kwenye tope, raba zake nyeupe zimeshakuwa za kahawia, na geti la Hifadhi ya Kilimanjaro bado lilikuwa linaonekana nyuma yake. Safari ya kupanda msituni kuona wanyama ilikuwa imefikia hapo.

"Mangi, kanyaga kwenye mizizi," Filbert akamwambia kwa heshima ya Kichagga, akimnyooshea mkono. Filbert ndiye mwongoza wageni wao, kijana wa Marangu, mrefu, mpole, hana hata tone la tope mwilini. Yaani kero tupu.

Ebenezeri akaukataa mkono. Mwanaume anayekwenda kuomba msamaha hawezi kuinuliwa na mwanaume mwenzake mbele ya mchumba. Akajiinua mwenyewe, akaanguka tena, akajiinua.

Mchumba ni Dainess, na kosa lenyewe halikuwa la kitoto. Jumamosi iliyopita ukoo mzima wa Dainess ulikusanyika kule kwao Mkuu kupokea posa na kumwona mkwe. Pombe ya mbege ikapikwa, mbuzi akachinjwa, mashangazi wakashona vitenge sare. Wazee wa Ebenezeri walifika. Ebenezeri mwenyewe alikuwa Holili, mpakani, anafuatilia dili la simu kutoka Kenya, lile ambalo lingemtoa kimaisha. Dili halikumtoa popote. Na yeye mwenyewe, mfanyabiashara wa simu, hakupatikana siku nzima, kwa sababu simu yake iliishiwa chaji. Akatokea kesho yake, amebeba kreti la soda.

Baba yake Dainess hakufoka. Alisema tu kwamba binti ataamua mwenyewe kama ndoa ipo au haipo, na jibu analitaka Jumapili. Leo ilikuwa Jumamosi.

Dainess akakubali kumsikiliza, ila wakiwa msituni. Siku akapanga yeye, njia akachagua yeye, mwongozaji akamtafuta yeye. Ebenezeri akaona hiyo ni dalili nzuri kabisa. Mwanamke aliyekuchoka anakupeleka wapi kuona mbega?

Wakapanda. Miti ilikuwa imeota ndevu za kijani, ukungu unateremka, na kila tone lililoachia jani lilikuwa linaijua shingo ya Ebenezeri. Filbert akawaonyesha kinyonga mwenye pembe. Ebenezeri akapiga naye selfi, kinyonga akatoka vizuri. Hondohondo wakapita juu kwa kishindo cha mabawa, Ebenezeri akalala chini kuokoa maisha yake, na Filbert akamweleza taratibu kwamba wale ni ndege. Baadaye kima mmoja akakaa tawini kumwangalia. Akamtazama kweli kweli, juu mpaka chini, akaona hakuna kipya, akaondoka zake.

Mbega, ambao ndio hasa walikuwa wamepanda kuwaona, hawakuonekana.

Walipopumzika, Filbert akatoa chupa ya chai. Kikombe cha Ebenezeri akakijaza sukari bila kuuliza. Cha Dainess hakutia hata chembe, akatumbukiza kipande cha tangawizi, akampa. Ebenezeri akakubali moyoni kwamba huyu jamaa anaijua kazi yake, mteja anamsoma kwa macho tu. Akaapa kumpa nyota zote tano mtandaoni akipata mtandao.

Penye kijito Dainess akaruka jiwe hadi jiwe, akafika ng'ambo mkavu. Ebenezeri akapitia majini, simu ameinyanyua juu kama bendera. Akauliza hayo mawe ameyajulia wapi. Dainess akamjibu kuwa yeye ni mtoto wa mlimani, halafu akageuza uso, akaufuta. Tangu asubuhi alikuwa hivyo, anaufuta uso mara kwa mara. Ebenezeri alijua anaandaa hukumu.

Wakafika mahali peupe karibu na maporomoko madogo. Hapa hapa, akajiambia. Akafungua simu ambamo alikuwa ameandika hotuba ya msamaha, ndefu, yenye Zaburi mbili ndani yake. Akakohoa. Akamwashiria Filbert asogee pembeni, na Filbert akasogea, ingawa si sana.

"Dainess," akaanza, "mimi ni mkosaji..."

"Subiri, Eben. Nianze mimi."

Dainess akafungua begi, akatoa jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Akapiga magoti na kumnyooshea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Kwa Wachagga isale halichezewi. Ukiletewa umeombwa msamaha, na ukishalipokea mambo yamekwisha, huyafukui tena hata ukiumia vipi. Ebenezeri alikuwa hajui kufika kwenye posa yake mwenyewe, ila hilo alilijua tangu utotoni.

Akaelewa papo hapo, kwa akili yake ile ile ya Holili. Wiki nzima Dainess alikuwa anamtukana kwenye simu, amemwita kila jina, sasa dhamiri imemsuta. Yeye ndiye aliyekosa, na yeye ndiye anayeombwa msamaha. Bahati gani hii. Hotuba akaizima, pamoja na Zaburi zake. Kifua kikamjaa.

Akalipokea jani.

"Inuka, mama," akasema kwa sauti nzito, ile ya wazee wa kanisa. "Nimekusamehe. Yote. Hata yale ambayo hujayasema, nimeyasamehe, na sitayauliza mpaka naingia kaburini. Filbert ni shahidi."

Dainess hakuinuka. Alikuwa analia.

Ebenezeri akageuka amwone shahidi wake. Shahidi alikuwa ameshavua kofia. Akaja, akapiga magoti kando ya Dainess, akatoa isale la kwake.