Mikono ya Kwenye Jalada

Mama alipangusa mikono ndipo akakipokea kitabu cha mapishi, mradi wa binti yake wa kumalizia shule. Mapishi yote yalikuwa ya mama. Wiki nzima binti alimdaka mkono ili chumvi ipite kwanza kwenye mizani, aandike kipimo chake.

Kwenye picha ya jalada, mikono laini yenye kucha za rangi ilikuwa ikikanda unga.

“Ya nani hii?”

“Ya shangazi. Yako ina makovu ya mafuta, mama. Nilitaka picha safi.”

Shangazi, ambaye hata chai humshinda.

Mama aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kisha akazima jiko. Mchuzi ukanyamaza ungali mbichi.

“Mama, walimu wako njiani kuja kuonja.”

“Mpigie shangazi yako,” alisema, akimrudishia kitabu. “Mwambie aje na mikono yake.”