Kompyuta ya Mama Kanga

Mama Kanga, mjane mpole, alikuwa na kompyuta kuukuu iliyochukua muda mrefu kuwaka. Akawaita mafundi wawili, Nyegere mbishi na Komba mwenye majivuno, wambadilishie mfumo endeshi.

"Mama, tukuwekee Windows mpya," alisema Nyegere. "Programu karibu zote zinaikubali, na ukikwama kila fundi anaijua."

"Kwa mashine hii ya zamani? Itailemea," alidakia Komba. "Halafu virusi vingi huiwinda hiyo. Linux ni nyepesi, tena ni ya bure."

"Ya bure, lakini printa ikigoma atamwita nani? Wewe unalala mchana kutwa!"

"Wanangu," alisema Mama Kanga, "humo ndani kuna..."

"Subiri kidogo, Mama," walisema wote wawili, wakaendelea kubishana.

Mwishowe Komba alishinda. Alifuta kila kitu, akaweka Linux, na kompyuta ikawaka upesi hata Nyegere akakiri kwamba imepona.

Mama Kanga alifurahi, akasogea karibu. "Haya, nifungulieni sauti ya marehemu mume wangu. Alijirekodi akiwaita watoto waje kula. Naisikiliza kila asubuhi."

Komba alimtazama Nyegere. Nyegere akainamisha kichwa.

"Mama," Komba aliuliza kwa sauti ndogo, "uliweka nakala mahali pengine?"

"Nakala ndiyo nini, mwanangu?"

Hadi leo wawili hao hawabishani tena kuhusu mfumo ulio bora. Wakiitwa mahali, humwacha kwanza mwenye kompyuta amalize kusema.