Njiwa wa Azizi

“Kwani sisi wachawi, tupige njiwa usiku?” Shomvi alimfokea mkewe mbele ya muuza duka. “Darubini ya mchana inatosha, Mama Azizi!”

“Haitoshi,” alisema Sikudhani.

Njiwa wa marehemu mwana wao, Azizi, walikuwa wamezidi mia, na majirani waliochoka kuliwa mtama wao walikuwa wameapa kuweka sumu wasipopunguzwa. Bunduki ya upepo walikuwa nayo tayari; waliileta dukani ifungwe darubini ya kulengea.

“Haitoshi kwa nini?”

“Mchana wakituona hawakimbii, Baba Azizi. Wanakuja kutua mabegani. Usiku watakuwa wamelala.”

Shomvi akatoa pesa. Sikudhani akaichukua darubini ya kidijitali inayoona mchana na usiku, akaifunga juu ya bunduki mwenyewe. Skrubu zikakazika kabisa, naye bado anazungusha bisibisi.