Maradhi ya Ngiri

Mwaka ule wa kiangazi lilibaki dimbwi moja tu, na kila kukicha Ngiri alijilaza katikati yake akilijaza lote, wengine wasipate pa kunywa. Kanga alisimama ukingoni na vifaranga wake, wote wana kiu.

"Usimsumbue, dada," alisema Kasuku, aliyewahi kutua mara moja kwenye dirisha la hospitali. "Yule ana maradhi ya kujipenda. Hayana dawa."

Wanyama wengine wakaguna kwa huruma. Ngiri akasikia, akajinyoosha zaidi. "Ningetoka, jamani, lakini si mnaona ninavyoumwa?"

Kanga akaingia matopeni mpaka puani pa Ngiri.

"Unaumwa wapi, kaka?"

Ngiri akafikiri. "Sijui."

"Unakula?"

"Sana."

"Basi mwanangu yule hawezi hata kusimama kwa kiu. Toka majini."

Ngiri akamtazama kifaranga, akainuka. "Mwezi mzima mnanijadili," alinung'unika akitoka, "na hakuna hata mmoja aliyeniambia nitoke."

Nyuma yao Kasuku alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba Kanga naye ana maradhi ya ukali. Kanga hakugeuka. Alikuwa akimnywesha mwanawe.