Kilo za Safari ya Mwisho

Sheria haikuruhusu gari kuukuu kuuzwa kabla halijasimulia historia yake mbele ya familia. Asubuhi hiyo mkaguzi alibandika kipaza sauti kwenye boneti ya gari la mikate, nalo likaanza kusema kwa sauti ya kukwaruza.

"Nimesambaza mikate Korogwe na Muheza miaka kumi na tisa. Nyuso sizijui, najua uzito tu. Siku ya Idi nilibeba kilo mia mbili."

Tunu alicheka. Mama yake, Bi Mwanamvua, alikuwa ameng'ang'ania pindo la kanga. Miaka yote alimwambia mwanawe kwamba baba yake, aliyekuwa dereva wa gari hilo, alihamia Msumbiji, akaliacha uani.

"Basi, tusiliuze," alisema.

"Likishaanza halikatizwi, mama," mkaguzi alimjibu kwa upole.

"Safari ya mwisho," gari likaendelea, "dereva alikuwa mwepesi kuliko yule wa siku zote. Nyuma hamkuwa na mkate hata mmoja. Nilipanda mlimani na mzigo mmoja, kilo sabini na mbili. Niliporudi, mzigo haukuwamo."

Kicheko kilimkauka Tunu. Akamgeukia mama yake taratibu.

"Mama, baba alikuwa na kilo ngapi?"