Volti Tisa za Serikali

Tangu serikali itangaze kwamba volti tisa ni salama kwa bodi zote za umeme, kumiliki kipima umeme kulikuwa kosa. Mzee Ngasa alikuwa na bodi kifuani inayoendesha moyo wake, nayo imeandikwa volti tano. Binti yake Kabula, fundi redio, hakusahau: tisa zilitangazwa salama siku ileile betri za tano zilipoisha ghalani. Jirani yao aliungua kifua kwa betri ya tisa akafa, cheti cha kifo kikaandika uzee.

Ijumaa karani wa kata alileta betri mpya.

“Bodi hii ni ya tano,” Kabula alisema.

“Ilikuwa, dada. Sheria imebadilika.”

“Na bodi mmeibadilisha?”

Karani alicheka, akamgeukia mzee. “Mzee wangu, una ugomvi na serikali?”

“Mimi? Hata kidogo.”

Mzee Ngasa akapapasa chini ya shati, akachomoa kidude cha kupunguza umeme ambacho Kabula alimuungia kwa siri, akamkabidhi karani kwa mikono miwili.



Karani alipachika betri, akaaga. Mzee akafunga vifungo, akaomba chai. Kabula alipomshika kifuani, shati lilikuwa limeanza kupata joto.