Tyubu ya Nyuma

Asubuhi Mwanaheri alipanda magofu ya Wamaya akihesabu ngazi zote, kwa kuwa Hemedi mumewe alikuwa ameapa atazihesabu mwenyewe. Safari waliiandikisha pamoja, watu wawili. Miezi minne iliyopita alimzika, naye akaja peke yake.

Mchana msafara ukashuka kwenye mto upitao ndani ya pango. Eusebio, kijana aliyewaongoza, alizifunga kwa kamba tyubu kubwa za mpira za kukalia na kuelea, moja nyuma ya nyingine, mkondo usije ukamtenga mtu humo ndani. Ya mwisho, nyuma ya Mwanaheri, haikuwa na wa kuikalia.

"Mama, hii niifungue?"

"Iache tu, mwanangu."

Katikati ya pango Eusebio akawaambia wazime taa za vichwani. Ndiyo desturi yake: gizani huita majina aliyoyakariri asubuhi kutoka kwenye orodha ya walioandikishwa, na kila mtu huitikia, apate kujua hakuna aliyeachwa.

Akaita sita, wakaitika. Akaita Mwanaheri, akaitika. Kisha ulimi ukateleza.

"Hemedi?"

Matone yalisikika yakidondoka majini. Mtu akakohoa. Eusebio akashtuka, akaanza kuomba radhi.

"Yupo," Mwanaheri akasema.

Wenzake wakawasha taa, mmoja mmoja. Yeye hakuwasha yake, wala hakugeuka. Alipeleka mkono nyuma taratibu, akaishika kamba ya ile tyubu tupu. Ilikuwa imekaza, kama inavyokaza ikivuta mtu mzito.